Maswali na majibu: Barabara hii ya kwenye picha iko wapi?

Mwezi uliopita niliandika kwamba barabara ya vumbi ina sura yake, na mtu akiitazama kwa utulivu anaweza kukisia iko wapi. Tangu hapo simu yangu imejaa picha. Nimechagua za huku kwetu kanda ya kati.

Nina picha ya barabara nyekundu, mbuyu kando na nyumba ya tembe. Kaka yangu anasema ni Dodoma, mimi nasema Iringa. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mpwapwa)

Mbuyu hauwezi kuwaamulia. Ukitoka Dodoma kwenda Iringa mibuyu inakusindikiza hadi Mtera na kuendelea ng'ambo ya bwawa, na hata Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, bonde zima limejaa. Tembe nalo haliamui: ni nyumba ya Wagogo, ndiyo, lakini Wahehe nao walijenga matembe.

Mimi huanza kwa kujiuliza: hapa hapawezi kuwa wapi? Naangalia udongo kwanza. Bahi kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kumeza magurudumu masika. Kwa hiyo barabara yako nyekundu si ya mbugani Bahi. Kisha mashamba. Nguzo fupi zilizopangwa kwa mistari na kuungwa kwa waya ni mizabibu, na ukiiona kando ya barabara ya kijijini karibu unaweza kusema Dodoma bila kusita. Mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana huwa yananipeleka Singida, ingawa Dodoma mjini nako majabali yapo. Na vichaka vilivyosongamana, visivyozidi sana kimo cha nyumba, hadi huoni hatua kumi ndani, hivyo ni vya upande wa Itigi. Nilikuwa utingo wa lori la alizeti njia hizo, na hata nikisinzia nikiamka nilijua tulipo kwa kutazama nje tu.

Kwenye picha yako sioni mizabibu wala mawe, na vilima vimekatwa na ukingo wa picha. Nitumie nyingine inayoonyesha vilima. Kwa hii moja siwezi kumpa ushindi yeyote kati yenu.

Shikamoo. Ulisema kivuli kinaonyesha barabara inaelekea wapi. Kivipi? Yangu ilipigwa Julai, mchana. (Kijana, Manyoni)

Marahaba. Hili nalipenda kuliko yote. Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 8 Oktoba, jua la adhuhuri hutupitia upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki mambo hugeuka. Wengi hukosea kwa kudhani kivuli cha mchana kina upande mmoja mwaka mzima.

Urefu nao unasema. Mwezi Juni, jua likiwa juu kabisa, mtu wa mita 1.7 hutoa kivuli cha karibu mita 1. Mwishoni mwa Desemba hakizidi sana nusu mita. Kumbuka pia kwamba jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo 45, Dodoma iko karibu na 36, hivyo Juni linafika kileleni saa sita na nusu ikiwa imepita kama dakika nane.

Kwenye picha yako kivuli cha bodaboda ni kifupi na kimelala mbele, kufuata barabara. Basi mpiga picha alikuwa anatazama kusini. Fungua picha za setilaiti, uache barabara zote za mashariki na magharibi, utafute ile inayoshuka kusini yenye kona na kilima kushoto. Ila kivuli hakitakutenganishia Manyoni na Dodoma, maana tofauti yake ni ndogo mno kwa macho.

Namba ya gari inaweza kunitajia mkoa?

Hapana. Namba za magari Tanzania hazitaji mkoa.

Picha niliyotumiwa WhatsApp ina kumbukumbu ya mahali ilipopigwa?

Ikitumwa kama picha, kumbukumbu hiyo huondolewa. Mwombe aliyeipiga aitume kama faili, na huduma ya mahali (location) iwe ilikuwa imewashwa kwenye simu yake wakati alipopiga.

Dalali amenitumia picha ya barabara pana ya changarawe, nyuma kuna nguzo za reli ya umeme. Anasema kiwanja kiko Mtumba, Dodoma, na kwamba picha ameipiga jana. Niko Mwanza, nitume hela ya awali? (Dada, Mwanza)

Usitume, dada yangu. Reli hiyo inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro na Kilosa hadi Dodoma, na nguzo zake zinafanana njia nzima. Tazama nyasi pia: mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kijani kibichi kwenye picha inayodaiwa kupigwa jana, mwezi Septemba, ni dalili kwamba picha ni ya zamani.

Lakini hata nikithibitisha kwamba barabara ni ya Mtumba, bado hujakiona kiwanja. Mdogo wangu alilipia eneo kwa picha. Barabara ilikuwa ya kweli kabisa. Tulipofika, kiwanja kilikuwa ndani ya korongo, mbali na barabara ile, na machozi yake sijayasahau. Tafuta ndugu aende akasimame kwenye bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, aonane na majirani na mwenyekiti wa mtaa, kisha namba ya kiwanja ikahakikiwe ofisi ya ardhi.

Marehemu baba aliacha picha imeandikwa "Kondoa 1976". Barabara, makorongo, ardhi tupu. Tumezunguka, hakuna mahali kama hapo. Alikosea? (Familia, Kondoa)

Poleni. Sidhani kama alikosea. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi, kilometa za mraba zaidi ya 1,200. Nyasi na miti vikarudi. Mnatafuta ardhi tupu mahali ambapo leo pana kichaka.

Fuateni mgongo wa vilima, huo haujabadilika. Wapelekeeni wazee picha, lakini msiwaulize "hapa ni wapi". Waulizeni kilima kile wanakiitaje. Mkipata, mmoja wenu asimame aliposimama baba, apige picha, kisha mniletee zote mbili.