Muulize Fundi: Kadi inasema 2L, duka linasema 5L, gasketi ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu Toyota Hilux ya dizeli niliachiwa na baba mdogo, gari ya zamani lakini bado inabeba viazi vizuri tu. Mwezi uliopita ilichemka mlimani ikaunguza gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Kwenye kadi chasisi inaanzia LN105 na cc ni 2446, fundi wangu akasema hiyo ni injini ya 2L, nikanunua gasketi ya 2L, kuiweka matundu ya silinda madogo. Nikarudi dukani na picha, jamaa akatazama kava ya tapeti akasema hii 5L bwana, nikanunua ya 5L, sasa hii matundu yamezidi kidogo na fundi anasema tufunge hivyo hivyo itashika. Hela imeenda mara mbili. Hii injini ni ipi? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Marahaba, na pole sana kaka. Kwanza kabisa usikubali kufunga hiyo gasketi, "itashika" ya fundi itashika mpaka mlima wa kwanza, halafu hedi utanunua wewe sio yeye.

Kwa maelezo yako mi naona una 3L (2L, 3L na 5L ni majina ya injini, sio lita), ila usiniamini mimi, liamini bloku, ule mwili wa injini wenye silinda. Watu wengi wanakosea hapa: kadi na kile kibati cha kiwandani vinakwambia gari ilizaliwa na nini. LN maana yake Hilux yenye injini za familia ya L, na 2446 ni cc za 2L, kwa hiyo ni kweli ilitoka Japani na 2L. Lakini gari ya umri huo imeshapita mikono mingapi? Injini ikifa watu hawaiamshi, wananunua ya mtumba wanashusha humo, na 3L ndo wanayoikimbilia kwa sababu inakaa bila shida na ina nguvu zaidi. Kava ya tapeti nayo haina ushahidi wowote, ni kofia tu, inavuliwa inavalishwa kwingine, hata hedi yenyewe unaweza kukuta imetoka injini nyingine. Huyo wa dukani alisoma kofia.

Sasa chukua mafuta ya taa na brashi ya waya, safisha ubavu wa bloku taratibu, grisi ya miaka thelathini haitoki kwa kitambaa. Unatafuta vitu viwili. Kimoja ni herufi kubwa zilizovimba, zimemwagwa pamoja na chuma chenyewe, 2L au 3L au 5L. Cha pili ni sehemu ndogo iliyochongwa bapa, hapo namba ya injini imegongwa kwa nukta au kwa herufi za kuzama, inaanza na jina la injini, kistari, halafu tarakimu. Kama haionekani vizuri pakaa chokaa au unga wa ngano ufute juu, ile nyeupe inabaki kwenye mikwaruzo unasoma kama gazeti (mimi natumia unga, mke wangu hapendi).

Na we una bahati hedi imeshafunguliwa, kwa hiyo hata namba ikikataa pima silinda. Azima venia, kile kipimo cha milimita, kwa mtu wa karakana, upime upana wa tundu. 2L ni milimita 92, 3L ni 96, 5L ni 99.5. Ukikuta 96.5 usichanganyikiwe, hiyo ni 3L iliyochongwa ovasaizi ya 0.50, yaani silinda imepanuliwa nusu milimita. Ndo maana gasketi ya 2L ilikuwa ndogo na ya 5L ikazidi, umepita pande zote mbili za ukweli.

Ukienda kununua ya 3L usiishie kusema 3L. Gasketi za hizi injini zina unene tofauti, zimegongwa herufi B, D au F pembeni, B ndo nyembamba na F ndo nene, na inategemea pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Ya zamani usiitupe, angalia herufi yake. Na kabla ya yote hedi ipelekwe ipimwe kama imepinda au imepasuka, maana hizi hedi zikichemka zinapasuka katikati ya valvu na ufa wenyewe haupendi kuonekana kwa macho.

La mwisho, ukishaipata namba ilinganishe na ya kwenye kadi. Ikitofautiana muulize baba mdogo risiti ya ile injini, uende TRA (mamlaka ya mapato) kadi irekebishwe, usisubiri siku ya kuuza. Na ukikuta pale pa namba pamesagwa na grenda, hiyo sio kesi ya gasketi tena.

SWALI: Hilux yangu ya petroli imeandikwa 22R, dukani wana spea za 22R-E wanasema ni kitu kimoja. Kweli? (Msomaji, Voi)

JIBU: Nusu kweli. Bloku ni ndugu, zote cc 2366 na zote zinatumia cheni ya tayming sio mkanda. Ila hiyo E ni ya mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, yako ina kabureta. Pistoni uliza uoneshwe namba ya spea kwanza, ila chochote kinachohusu mafuta na hewa usichukue.