Msaada wa karo uanzie sekondari

Swali lenu la wiki: je, serikali iwalipie karo vijana wa jamii za wachache wanaosomea ualimu? Iwalipie. Kifungu cha 56 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka serikali izipe jamii hizo nafasi maalumu za elimu na ajira, kwa hiyo hapo sina la kubishania. Ninachobishania ni wakati. Pesa zikimsubiri kijana kwenye lango la chuo, zitawakuta wachache mno.

Tazameni huku kwetu Lamu. Shule za Waaweer, jamii ya wachache inayoitwa pia Waboni, katika wadi ya Basuba, kama Mangai na Mararani, zilifungwa miaka kadhaa kwa sababu ya al-Shabaab. Walimu wa kutoka bara wanaogopa kupangiwa huko, na siwalaumu. Halafu mtaala unataka mtoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu afundishwe kwa lugha ya kwao. Kiaweer atakifundisha nani, kama si Mwaaweer mwenyewe?

Sasa njooni kwenye masharti. Diploma ya ualimu wa shule za msingi hudai alama ya C kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mtoto ambaye shule ya kijijini kwao ilifungwa, akapelekwa bweni mbali, kisha kila muhula anarudishwa nyumbani kwa karo, hiyo C ataitoa wapi? Basari nazo huja nusunusu, mara nyingi mtihani umeshapita.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitaka kushusha alama za kujiunga na vyuo vya ualimu kwa kaunti zenye uhaba wa walimu, TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, ikakataa. Mimi, mtu wa kaunti zilizoachwa nyuma, niko na TSC kwa hilo. Watoto wetu wamepata makombo ya kutosha, wasiongezewe na mwalimu wa alama za huruma. Afadhali kijana alipiwe karo, bweni na masomo ya likizo tangu anapoingia sekondari, akaipate C kwa jasho lake.

Na awekewe mkataba. Jimbo la Illinois, Marekani, lilianzisha ufadhili kama huu kwa sharti kwamba anayeupokea akafundishe katika shule ambayo angalau asilimia 30 ya wanafunzi ni wa jamii za wachache. Asipotimiza, pesa zinageuka mkopo. Hilo nalipenda. Ila kwetu lina kikwazo chake: miaka michache iliyopita TSC hiyohiyo ilikuwa ikiwahamisha walimu kutoka kaunti zao. Kijana atatimizaje ahadi ya kurudi Basuba ikiwa barua ya kazi inampeleka kaunti nyingine? Mkataba utiwe saini na pande tatu, mwanafunzi, mfadhili na TSC, na jina la wadi atakayofundisha liandikwe humo kabla hajalipiwa hata shilingi ya kwanza.

Msomaji, Lamu