Maswali yenu: Jaji Mkuu wa koloni alipatikanaje?

Baada ya kugusia mahakama za enzi za Mwingereza, maswali yamemiminika. Haya matano yamejirudia.

Si gavana ndiye aliyemchagua Jaji Mkuu?

Kutia sahihi alitia yeye, lakini neno la mwisho lilitoka London. Nafasi ikiwa wazi, gavana alimwandikia Waziri wa Makoloni, na kama ana mtu wake alimtaja. Wizarani huko jina lile lilipambanishwa na ya watu wa makoloni mengine, na mizani ilikuwa taarifa za siri ambazo magavana waliandika juu ya maofisa wao. Tangu 1933, ulipoundwa utumishi mmoja wa sheria kwa makoloni yote, mwanasheria wa Nairobi angeweza kushtukia amepangiwa Jamaika.

Tupe mfano wa mtu.

Ralph Windham. Januari 1947 alikuwa jaji Tel Aviv, Palestina. Wapiganaji wa Irgun, kundi la Wayahudi lililopinga utawala wa Mwingereza huko, wakaingia mahakamani wakamteka akiwa na joho na wigi lake, wakitaka mwenzao, Dov Gruner, asinyongwe. Kesho yake wakamwachia. Kuanzia 1950 tunamkuta jaji Kenya, 1955 Jaji Mkuu Zanzibar, kisha Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na 1960 Jaji Mkuu wa Tanganyika. Ndiye aliyemwapisha Nyerere kuwa Rais, 9 Desemba 1962. Bahari zote hizo kavuka kwa barua za mapendekezo.

Ni kweli mwanasheria wa serikali aliweza kugeuka jaji?

Kweli, na ilikuwa njia ya kawaida. Kenneth O'Connor alikuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia), akawa Jaji Mkuu Jamaika, halafu Kenya mwaka 1954. Jana unaitetea serikali, leo unaamua kesi zake. Mimi ningekuwa mshtakiwa nisingelala.

Mawakili wazalendo hawakupendekezwa?

Utapendekezwaje na mlango wa chini umefungwa? Ngazi ilianzia kwenye uwakili wa serikali au uhakimu. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, aliporudi kutoka Uingereza alipewa kazi ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa theluthi moja ya mshahara wa Mzungu. Akaikataa, akafungua ofisi yake, akawatetea walioshtakiwa kwa Mau Mau. Mtu wa namna hiyo gavana angemwandikia nini kwenye taarifa ya siri? Chunilal Madan, mwenye asili ya Asia, aliingia Mahakama Kuu ya Kenya 1961, Uhuru ukiwa umeshabisha hodi.

Jaji aliyemuudhi gavana angeweza kuondolewa?

Kisheria, ndiyo. Uingereza kwenyewe majaji walikuwa na kinga ya kutofukuzwa ovyo tangu 1701. Wa koloni walikaa kwa ridhaa ya Mfalme. Jaji Terrell wa Malaya, aliyestaafishwa kabla ya wakati baada ya Wajapani kuiteka nchi 1942, aliishtaki serikali. Mwaka 1953 mahakama ya London ikamjibu hivyo hivyo: ridhaa ikiisha, kazi imeisha.

Windham aliondoka Dar es Salaam 1965. Kiti chake kikachukuliwa na Telford Georges, mzaliwa wa Dominica, koloni jingine la Mwingereza. Safari hii aliyechagua alikuwa Nyerere. Mtanzania wa kwanza, Augustine Saidi, alikikalia 1971.