Suali la msomaji: Rivolva au bastola ya magazini?

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni sonara hapa Mkunazini, Unguja, na nimeomba kibali cha kumiliki bastola. Mzee mmoja ninayemheshimu amenishauri ninunue rivolva kwa kuwa, kwa maneno yake, haikwami hata siku moja. Wanangu wanasema hiyo ni silaha iliyopitwa na wakati. Nimfuate nani?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Mzee wako ana hoja nzito, ila hilo la "hata siku moja" usilichukue.

Kasha la rivolva, yaani ile ngoma yenye matundu ya risasi, huzungushwa na kidole chako kinapovuta kifyatulio, wala halitegemei risasi iliyotangulia. Kwa hivyo risasi ikigoma kwa sababu fataki yake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, imeharibika, unavuta tena na tundu jengine linakuja mbele ya mtutu. Bastola ya magazini, yaani ya kisanduku cha risasi kinachoingizwa ndani ya mpini, hutegemea nguvu ya risasi iliyolipuka ili irudishe sehemu ya juu nyuma, itoe ganda na kupandisha risasi mpya, na moja ikigoma kila kitu husimama mpaka uikoki, yaani uivute sehemu ya juu nyuma, kwa mkono wa pili. Mtu aliyevamiwa dukani, mkono huo wa pili mara nyingi umeshakamatwa.

Hata hivyo, rivolva nayo hukwama, na ikikwama haifunguki upesi. Nimewahi kuishika moja ambayo chembe za baruti isiyoungua, ndogo kuliko ufuta, ziliingia chini ya nyota inayosukuma maganda. Kasha lilifungika kwa tabu na kifyatulio hakikuvutika tena. Ilibidi tuiweke mezani na kuisugua kwa mswaki. Kinyume chake, bastola ya magazini hukwama zaidi kwa sababu ya magazini iliyopinda mdomo au mkono uliolegea, na aliyefundishwa huigonga magazini kwa chini, akakoki, akaendelea.

Wanao wasidhani kwamba polisi wa Marekani waliiacha rivolva kwa kukwama tu. Katika mapambano ya Miami ya 1986, ambamo maafisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa, ilidhihirika jinsi ilivyo vigumu kujaza tena risasi tano au sita ukiwa unashambuliwa, ilhali Glock 17, bastola ya magazini iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, inabeba 17 katika magazini moja.

Kwetu visiwani linalonitia wasiwasi zaidi ni chumvi na jasho. Silaha inayokaa kiunoni chini ya shati kutwa nzima hushika kutu, khasa kwenye springi ya magazini na ndani ya mtutu, na mwenye pupa ya kuimiminia mafuta huziharibu fataki za risasi zilizomo. Ipanguse kila jioni, mafuta yawe membamba, na risasi unazotembea nazo uzibadilishe kila baada ya miezi michache.

Ikiwa utakwenda kulenga shabaha kila mwezi, wasikilize wanao. Ikiwa itakaa kwenye droo, mfuate mzee, na uchague iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Lakini kabla ya kulipa, hakikisha haina risasi, elekeza mtutu pahala salama, kisha uvute kifyatulio mara sita mfululizo: cha rivolva kwa kawaida huhitaji nguvu ya kilo tano hivi, takriban mara mbili ya Glock, na kidole kikianza kutetemeka mara ya tatu, shabaha nayo itakwenda upande.