Pampu kuvuja oili, usikimbilie kufungua injini

Pole ndugu yangu, nimekuelewa, injini ya pampu yako huko Bagamoyo inaacha doa la oili kila asubuhi na fundi anataka aifungue yote. Subiri kwanza. Chomoa kijiti cha oili ukinuse, kikinuka petroli na oili imepita alama basi usiwashe kabisa, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) inapitisha petroli inashuka kwenye oili, hiyo mpe fundi.

Kama oili haina harufu ya petroli, safisha injini kwa nje na mafuta ya taa ikiwa imepoa, ikauke vizuri, halafu nyunyizia poda ya mtoto huko chini (mbali na filta ya hewa) uwashe dakika tano, poda inapoanza kulowa ndo panapovuja, maana oili huchuruzika ikatokea kwingine kabisa. Mara nyingi ni washa (kile kipete cha kuzibia) ya nati ya chini ya kutolea oili, badilisha tu ila usikaze kwa hasira, bodi ni alumini, mi yangu nyuzi zilikatika hivyohivyo. Ikitokea kwenye shafti (chuma kinachozunguka) ni sili, ule mpira wa kuzuia oili, na chumvi ya huku pwani inatia shafti kutu, fundi aisugue kwa msasa laini kabla hajaweka sili mpya la sivyo itakatika tena.

Na oili pima kila siku aisee, ikiisha injini inajamu.