Mpango wa hiari haupati watu

SWALI: Kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Ilemela kina mpango wa akiba ya uzeeni, mbali na NSSF. Mfanyakazi akichangia asilimia 3 ya mshahara, kampuni nayo inaweka asilimia 3. Matangazo tumebandika, ila waliojiunga ni wachache mno. Kwa nini wanaacha hela hiyo? – Afisa utumishi, Mwanza

JIBU: Wengi hawajaikataa, hawajafika tu mezani kusaini. Mwaka 2001 watafiti Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha uchunguzi wa mpango wa akiba ya uzeeni wa kampuni moja ya Marekani. Waajiriwa wapya walioachiwa wajaze fomu wenyewe walijiunga asilimia 49. Walioingizwa moja kwa moja, wakiwa huru kujitoa, asilimia 86. Mpango ulikuwa uleule.

Msikimbilie kuwaingiza watu kimyakimya, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inambana mwajiri kwenye makato ya mshahara. Ingizeni mpango kwenye mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi, kisha siku ya kusaini ajira kila mmoja apewe karatasi moja ya "najiunga" au "sijiungi". Akiambiwa aipeleke nyumbani akaisome, hairudi.

Semeni kwa shilingi. Wa mshahara wa 400,000 tayari anakatwa hadi 40,000 ya NSSF, yaani nusu ya ile asilimia 20 ya mshahara inayopelekwa huko. Anachotaka kujua ni hiki: mkononi zitapungua 12,000, kwenye akaunti yake zitaingia 24,000. Iandikeni hivyohivyo kwenye hati ya mshahara.

Linalowarudisha nyuma zaidi ni swali la "nikiacha kazi, naipataje?" Mvutano wa fao la kujitoa, yaani mtu kulipwa michango yake akiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, watu hawajausahau, na wana haki ya kuuliza. Ukurasa wa kwanza ueleze lini atachukua fedha zake, na sehemu ya kampuni inakuwaje akiondoka mapema. Kila mwezi bandikeni stakabadhi ya michango iliyopelekwa. Mwezi mmoja ukichelewa bila maelezo, habari inafika idara zote kabla ya zamu kuisha.

Halafu kuna miezi samaki wanapoadimika na zamu kupungua. Ruhusuni mtu ashushe mchango hadi asilimia 1 bila kufutwa kwenye mpango. Akilazimika kujitoa kabisa, kumrudisha ni kazi kubwa.