Binamu wa Florida anasoma bure, na mimi karani wa Kisumu je?

SWALI: Shangazi habari, mimi ni karani wa kaunti hapa Kisumu, nakata risiti za ushuru pale soko la Kibuye tangu 2016. Binamu yangu anafanyia serikali ya jimbo kule Florida na ameniambia wao wakisoma chuo hawalipi karo. Mimi nimepata nafasi ya digrii ya jioni, naanza Septemba. Sasa na sisi wa serikali tunasamehewa karo ama ni huko tu? Na kama tunasamehewa mbona HR hajawahi kutuambia?
– Karani, Nyalenda

JIBU: Dada, binamu hajakudanganya, amekupea tu nusu ya stori. Ni kweli sheria ya Florida inaambia vyuo vya serikali vimsamehe karo mfanyakazi wa jimbo, lakini ni kredi 6 kwa muhula, yaani masomo mawili hivi, na ni kama kuna kiti kimebaki. Wenye kulipa wanaingia kwanza, yeye anangojea kiti kibaki kama mtu wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Digrii yao ni kama kredi 120, sasa piga hesabu, mihula miwili kwa mwaka ni kredi 12, hiyo ni miaka kumi, akikazana na muhula wa kiangazi labda saba. Na kabla ya hayo yote mkubwa wa idara yake lazima akubali.

Hapo kwa mkubwa kukubali ndio nataka ushike, ju hata hapa kwetu mlango ni huo huo.

Kenya hakuna sheria ya kwamba unaonyesha kadi ya kazi kwa dirisha la karo na unaambiwa pita. Wale unaskia wamepunguziwa mara nyingi ni wafanyakazi wa chuo chenyewe na watoto wao. Wewe chako ni kuomba mwajiri akulipie, yote ama kidogo, kutoka kwa pesa za mafunzo, na ombi linapitia kamati ya mafunzo. Wanaangalia kama kozi inaingiana na kazi, kwa hivyo karani wa mapato akiomba uhasibu ataskizwa haraka kuliko akiomba theolojia, samahani kwa wachungaji. Wakikulipia ujue kuna bondi, utafanyia kaunti kwa muda fulani ama urudishe pesa, isome vizuri kabla hujaweka sahihi.

Mimi kabla nianze kuandika hapa nilikuwa kwa ofisi moja, sitaitaja. Nikatoa pesa ya chama nikalipa muhula wa kwanza, halafu nikapeleka risiti zote nimezibana na pini, nikijua nitarudishiwa. Yule jamaa akazipindua moja moja, polepole, akaniuliza, barua ya kukubaliwa iko wapi? Sikuwa nayo. Akanirudishia risiti na pini yake. Ziko nyumbani hadi leo kwa mfuko wa unga.

Kwa hivyo usilipe kitu Septemba kama barua haijatoka. Ni heri uombe chuo kikuahirishie nafasi.

Wakikataa bado kuna HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya masomo, wana mkopo wa watu wenye mshahara unaitwa Jielimishe. Lakini angalia peisilipi kwanza, ju sheria ya kazi ya 2007 inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na kama sacco na benki zimeshakula huko kote, sioni HELB watashika wapi.

Kuhusu HR kunyamaza, dada, hao hawaendi sokoni wakitafuta mtu wa kusomesha. Andika barua ipitie kwa mkubwa wako, uambatanishe ya chuo na karo ya kila muhula, ubebe kopi mbili. Moja wabaki nayo, ingine wagonge muhuri na tarehe mbele yako, urudi nayo Nyalenda.